Ni Mahali, Mama, Si Mahari

Shambani, karibu na Kitale,
wakati wa palizi ya pili ya mahindi.

Mayi mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi mwanao ambaye najua kwamba kwa sasa umenikasirikia. Goti lako la kulia linaendeleaje? Mvua za mwaka huu zimekuwa za fujo hata huku kwetu, na najua goti lako na mvua hawapatani. Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Na paa la jikoni bado linavuja? Simiyu aliniahidi kulitengeneza tangu mahindi yalipokuwa yananifika magotini, na kwa kuwa ndiye anayekusomea barua hii, namwambia mbele yako: ndugu yangu, panda juu ya paa. Sisi huku tu wazima. Nafula ni mzima kuliko sisi sote, na habari zake ndizo zilizonifanya nikalie gunia hapa jikoni kwa bwana mwenye shamba, kalamu mkononi, kuku wa chakula cha mchana akiwa bado hajanyonyolewa.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa dereva wa lori la mahindi. Nimeisoma mara tatu, na kila mara masikio yaliniwaka. Umeniuliza nimemwoza nani binti yangu, mtoto uliyemlea wewe, bila kukuita. Umeniuliza huyo mwanamume ni wa ukoo gani, na kwa nini watu wake walikuja Kitale badala ya kufika nyumbani kama watu wenye adabu. Umesema pombe ya harusi hiyo hutaionja, na Nafula arudishwe nyumbani Kabuchai kabla mwezi huu haujaisha. Dereva naye akaniongezea kwamba baba mdogo Makokha amekwisha kujichagulia ng'ombe wake, mweusi mwenye baka kwenye paji la uso, na hata jina amempa.

Mayi, hakuna ng'ombe. Hakuna mwanamume wala harusi. Wanyonyi, jirani yangu anayeendesha trekta, alipokuja huko kumzika shemeji yake, nilimtuma akuambie kwamba Nafula amepata mahali. Mahali pa kusomea uuguzi, katika hospitali ya misheni. Lakini unazijua ndimi zetu sisi watu wa Bungoma, L na R kwetu zinaazimana nguo. Sijui kama ni mimi niliyetamka "mahari", au ni Wanyonyi, au ni masikio ya Makokha, ambayo yanafunguka yenyewe yakisikia harufu ya ng'ombe. Ningesema "nafasi" tungelala sote kwa amani. Simiyu, hapo soma polepole: ni L. Ukikosea tena Makokha atakuja Kitale na kamba.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, kwa sababu mtoto alivyopata nafasi hiyo ni habari yako wewe kuliko yangu.

Unakumbuka siku alipopanda basi kuja kukaa nami baada ya mavuno. Ulilia pale barabarani, ukasema Kitale itamharibu. Sikukujibu, kwa kuwa nilijua mahali ninapompeleka. Hapa tunapoishi tunapaita laini, yaani safu ndefu ya nyumba za wafanyakazi wa shamba, na humo wamo watu wa kila upande, Wateso, Wamaragoli, Waturkana, na watu wa mlimani kutoka Kapsokwony. Kina mama huondoka alfajiri kuchuma pareto, kina baba wako kwenye ng'ombe na matrekta, na vijana wa umri wa Nafula hujilisha wenyewe. Wanakula ugali wa jana kwa chumvi. Wengine wanapitia kwenye mtungi wa pombe ya busaa kabla jua halijapanda, kwa sababu hakuna mtu mzima wa kuwaona.

Na mimi, nisikufiche, nilikuwa nimeshakuwa mtu wa laini. Ungeniona jikoni kwa bwana ungejivuna: aproni nyeupe, kofia nyeupe, kucha zimekatwa. Ungeangalia chini ungekuta funza kwenye vidole vya miguu. Mwanao, uliyekuwa ukimsugua visigino kwa jiwe kila Jumamosi hadi analia, alikuwa akichechemea.

Jioni ya kwanza Nafula alipika ugali. Nikanyoosha mkono, akavuta sahani.

"Baba, mikono."

"Mikono imefanya nini?"

"Haijanawa."

"Si nimetoka jikoni kwa mzungu sasa hivi, bana! Nimeosha vyombo tangu asubuhi."

"Basi ni vyombo ndio vimeoshwa," akasema, akasimama na kibuyu cha maji akisubiri.

Mayi, ilikuwa sauti yako ile ile. Nilinawa. Kesho yake akaniambia niweke miguu kwenye karai la maji ya moto yenye chumvi, akapitisha pini kwenye moto, akaanza kunitoa funza mmoja mmoja. Nilipiga kelele mpaka Wanyonyi akatoka nje kuuliza kama nachinjwa. Ndani ya wiki mbili nilikuwa natembea sawasawa, blanketi zimeanikwa juani, sakafu imesiribwa, choo kinamwagiwa majivu kila asubuhi, na nyuma ya nyumba kumechimbwa tuta la mboga. Zile mbegu za sufwa na saga ulizomfungia kwenye pindo la leso zote zilikuwa zimefika. Majirani walicheka. Walisema huyu msichana amekuja Kitale kula majani ya wazee. Yeye alicheka nao, akaendelea kumwagilia.

Halafu zikaja hizi mvua, na nyuma yake ugonjwa wa kuhara. Uliingia laini yetu siku ya Jumatatu, na kufika Ijumaa karibu kila nyumba ilikuwa na mtu amelala. Ajabu ni kwamba uliwapata zaidi vijana, wale wa miaka kumi na tatu hadi kumi na saba, watu wenye nguvu. Chemutai, rafiki yake Nafula, binti wa Mzee Ndiwa wa Kapsokwony, alikauka midomo hadi hakuweza kusema. Tulidhani tutampoteza. Nyumba yetu haikuguswa.

Serikali ikamtuma bwana wa afya kwa baiskeli, mtu wa pwani, jina lake Bwana Athmani, mpole, Kiswahili chake kimenyooka hata unaona haya kufungua mdomo. Aliwapanga vijana wote walioweza kusimama mbele ya ghala, akatazama kucha zao, meno yao na miguu yao, kisha akamwuliza kila mmoja: asubuhi umekula nini, umekunywa nini, na nani alikufundisha hivyo. Mimi nilikuwa nimetumwa na bwana kumpelekea chai, nikasimama na trei yangu nikisikiliza.

Barasa, mtoto wa nyapara wa maziwa, alisema hajala kitu ila amevuta sigara, kwa sababu baba yake husema moshi unaua njaa. Ana miaka kumi na saba na anakohoa kama baba yake, na tumbaku yao inatoka kwenye mfuko mmoja. Mwingine akasema kwao busaa ni uji, ati hata mtoto mdogo anapewa. Msichana mmoja akasema hanywi kitu chochote mpaka jioni kwa sababu mama yake hurudi jioni. Hakuna aliyesema uongo. Ndugu yake Chemutai akasema wao hunywa maji ya mtaro kwa sababu baba amesema maji yanayotembea hayana uchafu.

Zamu ya Nafula ikafika.

"Umekunywa nini asubuhi?"

"Maji ya kuchemsha na uji."

"Nani alikufundisha kuchemsha maji?"

"Kukhu."

Bwana Athmani akainua macho. "Kuku?"

"Ndiyo. Kukhu alikataza maji mabichi."

"Na choo chenu mnakitunzaje?"

"Kwa majivu. Kukhu alisema."

"Na mboga mnakula?"

"Kukhu alisema ugali peke yake unadanganya tumbo."

Bwana Athmani akaweka kalamu juu ya daftari. "Binti yangu," akasema, "ni kuku gani huyo anayewakataza watu maji?"

Laini nzima ikaangua kicheko, hata waliokuwa wagonjwa. Ikabidi nijitokeze na aproni yangu nieleze kwamba kwetu kukhu ni nyanya, na huyo nyanya ni mama yangu mzazi, yuko Kabuchai, hajawahi kukanyaga darasani. Bwana Athmani alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Basi natamani huyo kuku angetaga yai moja katika kila laini hapa Kitale." Usikasirike, Mayi. Alilisema kwa heshima, na alivua kofia.

Akaniuliza ulijifunza wapi habari ya maji. Nilimwambia ukweli, ingawa Nafula alikuwa amesimama pale na hajawahi kuusikia. Nilimwambia kwamba nilikuwa na dada mdogo, Naliaka, aliyeondoka kwa ugonjwa wa tumbo kabla hajaota meno yote, na mama mmoja wa kanisani akakuambia huenda ni maji. Tangu siku tuliyomzika, chungu chako cha maji hakijawahi kukosa kupanda motoni. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni ukali tu, nilikuwa nakuona mgumu kuliko mama za wenzangu. Niliposimama pale na ile trei niliona haya kwamba nilihitaji miaka hii yote kukuelewa.

Bwana Athmani alikuja kuiona nyumba. Aliona uchaga wa vyombo, kibuyu cha kunawia, chungu cha maji kimefunikwa. Akaniambia, "Mpishi, nimewauliza vijana maswali, lakini waliokuwa wananijibu ni wazazi wao." Akamwomba Nafula amsaidie kwa muda atakaokuwa hapa.

Basi Nafula, mwanao mwenzangu, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, akichanganya maji ya kuchemsha na chumvi na sukari kidogo kama alivyoonyeshwa, akiwanywesha wagonjwa kijiko kwa kijiko. Nyumba nyingi zilimkubali. Mzee Ndiwa alimkatalia mlangoni.

"Maji ya kutembea haina ugonjwa," akasema. "Baba yangu alikunywa hiyo mpaka akakuwa mzee bila jino hata moja. Wewe mtoto wa juzi unaniambia nini?"

Mimi, niliyekuwa nyuma yake, ningebishana. Nilikuwa tayari nimekunja ngumi za maneno. Nafula akapiga goti kidogo kama ulivyomfundisha, akasema, "Baba, maji yenu ya Kapsokwony ni safi kweli. Yanatoka mlimani na hakuna mtu juu yenu. Naomba tutembee pamoja tuone nani yuko juu yetu hapa."

Mzee akashangaa. Nadhani hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote hapa Kitale kwamba kwao kuna kitu kizuri. Akachukua fimbo yake, wakapanda wote wawili kufuata mtaro, nami nyuma yao. Mbali kidogo tu, baada ya ule uzio wa waya, tukalikuta josho la ng'ombe. Maji ya josho yalikuwa yamefurika kwa mvua yakiingia mtaroni, na ng'ombe wa bwana wamesimama ndani ya maji hadi tumboni wakifanya wanachofanya ng'ombe. Mzee Ndiwa alitazama kwa muda mrefu. Tuliporudi alichukua chungu mwenyewe, akakiweka motoni mwenyewe, na mkewe akasimama pembeni akimwangalia kana kwamba amerukwa na akili. Sasa Chemutai anatembea, na jana nilimwona akimfokea mdogo wake aliyeinama mtaroni.

Nisikudanganye kwamba mambo yote yamenyooka. Barasa bado anavuta. Nafula alimwambia aache, akamjibu, "Kwanza mwambie baba," na kwa baba yake mlango ulifungwa. Msichana yule wa kusubiri jioni bado anasubiri jioni, isipokuwa siku hizi anapitia kwetu adhuhuri, na Nafula humwambia anawe kwanza. Lakini Mayi, ukipita sasa kwenye laini utahesabu matuta ya sufwa nyuma ya nyumba mpaka uchoke, na mbegu zote ni za leso yako. Mimi hupita nikitembea polepole makusudi ili watu waniulize. Wakiniuliza nawaambia ni za kwetu.

Hivyo ndivyo alivyopata mahali. Bwana Athmani aliandikia hospitali ya misheni, na jibu likarudi kwamba watampokea, wamfundishe uuguzi, na darasa lake la sita linatosha. Na usikie hili kabla hujakunja uso: hospitali hiyo haiko huku. Iko upande wenu, kutoka Kabuchai ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Jumapili akiwa na ruhusa atakula kwako. Masomo yanaanza wiki tatu kutoka leo, na asipofika siku hiyo ya kwanza watampa mtu mwingine nafasi yake.

Nilidhani kazi imekwisha, nikawa natembea nikipiga mluzi. Ndipo barua yako ilipofika, nikaisoma kwa sauti, na Nafula akainuka, akafungua sanduku lake, akaanza kukunja nguo.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kabuchai. Kukhu amesema nirudi."

"Lakini amekosea! Amesikia mahari, si ni mahali!"

"Najua. Lakini amesema nirudi. Siendi shule kama yeye hataki."

"Mimi ndiye baba yako, na mimi nimesema uende."

Akaniangalia bila hasira hata kidogo. "Najua, baba. Lakini wewe ulikuwa Kitale."

Mama yake alipokufa Nafula alikuwa bado ananyonya, nikakuwekea mikononi nikapanda lori kutafuta kazi, nikawa nakutumia blanketi na sukari nikajihesabu kuwa baba mwema. Aliposema hivyo liliniuma, nami nalikubali. Nilimwomba tu asiondoke mpaka nikuandikie. Sanduku liko mlangoni, limefungwa. Tunaliruka tukiingia na kutoka.

Kwa hiyo ninakuomba. Siamuru, naomba. Mruhusu aende. Uliogopa Kitale itamharibu, na ingeweza, ilikuwa imeanza kuniharibu mimi mwenye mvi. Lakini wewe ulikuwa umemaliza kazi kabla hajapanda basi, nami ninajivuna kuitwa mwanao hadi kofia ya upishi hainitoshi.

Nisalimie mke wa Simiyu, mwambie nimesikia ni mzito tena na ninafurahi. Msalimie mwalimu wa Jumapili aliyenifundisha herufi hizi ninazokusumbua nazo. Wasalimie majirani zetu wa ng'ambo ya kijito. Baba mdogo Makokha mwambie pole sana, ng'ombe wake mweusi hajazaliwa, na kama ameshapika busaa basi anywe kidogo, ana moyo mwepesi huyo.

Jambo moja limebaki, na nimeliacha hapa makusudi ili Simiyu asichoke kabla ya kulifikia. Ndani ya barua hii kuna karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni fomu ya hospitali. Tuliijaza ofisini, karani akisoma na Nafula akiandika kwa mkono wake. Penye jina la baba aliniandika mimi, nikatia sahihi. Walipofika penye jina la mama, mimi nikamnong'oneza karani kwamba mama ni marehemu. Karani akamwambia, "Basi andika marehemu."

Nafula akasema, "Hajafa. Yuko Kabuchai."

Akaandika jina lako, Nanjala, herufi kubwa, akakausha wino kwa pumzi. Pembeni yake ameacha nafasi wazi, na hakuruhusu mtu yeyote aiguse. Kama umekubali, Simiyu akushike kidole gumba, akitie wino, ukiweke hapo, kisha ampe dereva wa lori arudi nayo. Kama hujakubali, irudishe ikiwa tupu, nami mwenyewe nitampakia sanduku lake arudi Kabuchai.

Ni mimi mwanao Wekesa, ambaye kwa karatasi hii nimekuwa kaka wa binti yangu, na sina malalamiko.